Urithi Hauna wa Kulaumiwa

Wahitimu wetu wa uuguzi na maabara! Leo ni siku yenu, kwa hiyo sitawachosha. Nina jambo moja tu.

Huko muendako atakuja mama amebeba mtoto aliyevimba vidole, macho ya manjano, analia kwa maumivu ya mifupa. Kipimo kitaonyesha selimundu. Na pembeni atakuwepo wifi au mama mkwe akinong'ona kwamba katika ukoo wao ugonjwa huo haupo, mwanamke ndiye kaja nao.

Hapo ndipo elimu yenu itakapohitajika. Ninyi mnajua kwamba mtoto hurithi nakala mbili za jeni inayohusika na selimundu, moja kwa baba na moja kwa mama. Herufi moja tu ya DNA ikibadilika kwenye jeni ya hemoglobini, chembe nyekundu za damu zinaweza kupinda kama mundu oksijeni inapopungua. Mwenye nakala moja iliyobadilika, yaani mbebaji, kwa kawaida huishi vizuri, tena bila kujijua. Mwenye mbili ndiye anayeugua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, 50 wa mbebaji na 25 wa asiye nayo kabisa. Na hesabu huanza upya kila mimba. Kuzaa mgonjwa safari hii hakumkingi mdogo wake.

Mbona basi jeni hii haikutoweka? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuta kwamba katika baadhi ya jamii za pwani na za kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi asilimia 20, ilhali nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake: mbebaji ana kinga kiasi dhidi ya malaria. Jeni tunayoilaani ndiyo iliyowavusha wengi wa mababu zetu.

Kwa hiyo, wahitimu, msimweleze mama peke yake. Mwiteni na baba. Wachumba washaurini wapime kabla ya ndoa. Na minong'ono ya ukoo mkiisikia wodini, msinyamaze: semeni wazi kwamba mtoto huyu karithi kwa wote wawili, na hakuna aliyekosa.