Dar es Salaam Yavuka Mipaka Yake

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2012 ilipata 4,364,541. Milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi!

Wazaramo walikuwapo tangu enzi za Mzizima, kijiji kilichotangulia mji huu, kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake miaka ya 1860. Leo Mzaramo wa Mbagala anapakana na Mmakonde, Mchagga na Msukuma, na Kisutu zipo familia zenye asili ya Kihindi za vizazi kadhaa.

Viwanja vya katikati ni ghali mno, basi watu wanajenga Chanika, Bunju, hata Kibaha na Mkuranga, mkoani Pwani. Alfajiri wamo kwenye daladala, wanarudi mjini kusaka riziki. Anayepanga barabara na maji kwa takwimu za mkoa mmoja anawasahau hao.