Mbolea Haigawanywi Kama Faida
Hotuba ya Idara ya Kilimo ya Umoja juu ya kulisha mimea ya viungo bustanini na katika madebe



Siku hii Umoja wetu unatimiza miaka 10. Wenzetu waliotutangulia wamesimulia habari za ghala, za mizani na za gari la kuchukulia mazao. Sisi tumetakiwa kusema juu ya mbolea ya mimea ya viungo, yaani mrehani, nanaa, giligilani, mchaichai na rozimari. Huenda baadhi yenu mkaliona jambo hili kuwa dogo, kwa kuwa mimea hiyo aghalabu hupandwa katika tuta la nyuma ya jiko, na wasio na nafasi huipanda katika madebe na magunia barazani. Lakini ni katika jambo hilo dogo Idara yetu ilipokosea zaidi katika miaka 10 hii, nasi twaona ni haki kulisema mbele ya wale waliopata hasara.

Katika mwaka wa sita wa Umoja tulitoa mbolea kwa mkopo. Kila mwanachama aliyejiandikisha kwa viungo alipewa kilo 5 za urea, na bei yake ikakatwa katika malipo ya mavuno. Tuligawa sawa kwa wote, awe mtu ana matuta kumi ya udongo au ana madebe sita, awe amepanda nanaa au rozimari. Tena tuligawa kwa fahari, maana usawa ndio msingi wa ushirika. Hatukukumbuka kwamba mimea haikujiunga na chama.

Walioumia kwanza ni wenye rozimari katika madebe, na wengi wao walikuwa akina mama. Ncha za majani ziligeuka rangi ya kahawia, kisha matawi yakakauka kutoka chini kwenda juu. Wenye nanaa walifurahi kwa mwezi mmoja, kwa sababu majani yalinenepa na kuwa ya kijani kibichi mno. Lakini mzigo ulipofika sokoni ulikuwa umelala kama mboga iliyochemshwa, na mnunuzi alipofikicha jani kiganjani hakusikia harufu iliyompasa kuisikia. Mzigo ule ulirudi. Twakumbuka kwamba mzee mmoja alituuliza kama tulikuwa tukilima nanaa au tukilima majani ya mbuzi, nasi hatukuwa na la kumjibu.

Basi na tueleze sababu. Katika kila kilo 100 za urea, kilo 46 ni naitrojeni, chakula ambacho kazi yake kubwa ni kujenga jani. Mkulima wa mchicha hufurahi kuona jani kubwa, maana huuza jani. Mkulima wa viungo huuza harufu, na harufu hutoka katika mafuta machache yaliyomo ndani ya jani. Naitrojeni ikizidi, jani hukua mbio, huwa laini na lenye maji mengi, harufu yake hupungua nguvu, na safari humshinda. Tena mimea yenyewe haifanani. Mrehani, nanaa, giligilani na mchaichai hupenda udongo wenye rutuba, hasa ikiwa hukatwa mara kwa mara, kwa sababu kila unapokata umechukua chakula kilichokuwa udongoni. Rozimari asili yake ni pwani za Bahari ya Mediterania, penye mawe, jua kali na ardhi kavu. Huo ni mti uliozoea njaa, na ukiulisha kama ng'ombe wa maziwa utaumwa.

Kuna na tofauti ya mahali pa kupandia, nayo ndiyo tuliyoisahau kabisa. Katika tuta, mizizi ikikutana na mbolea kali huweza kwenda upande mwingine, na udongo mwingi huipunguza ukali. Katika debe la lita 18 au 20 mizizi haina pa kukimbilia. Mbolea ikizidi, chumvi yake huvuta maji kutoka katika mizizi, na mmea hukauka huku udongo umelowa. Dalili yake ni ukoko mweupe unaotokea juu ya udongo na kwenye ukingo wa chombo. Ukiuona, usitie kitu chochote kingine. Mwaga maji safi mengi, yapite mpaka yatoke chini, urudie mara mbili au tatu. Debe lisilo na matundu chini haliwezi kuoshwa hivyo, na kusema kweli halifai kupandwa kitu.

Lakini debe hilohilo lina ubaya wa pili, ulio kinyume cha wa kwanza. Maji yale ya kila siku yanayotoka chini huondoka na chakula, na baada ya wiki chache mmea huona njaa, majani ya chini yakawa manjano. Kwa hiyo mmea wa debeni hulishwa kidogo kidogo na mara nyingi. Kipimo tunachokitumia sasa ni kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, cha mbolea ya 17-17-17 katika lita 5 za maji. Iloweke usiku mmoja, chuja masimbi, kisha mwagilia kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa tayari una unyevu. Rozimari ipewe mara mbili au tatu tu kwa mwaka, nayo iwe imepandwa katika udongo uliochanganywa mchanga.

Kwa tuta, maneno yetu ni machache, kwani wengi wenu mnajua kuliko sisi. Debe moja la mboji iliyoiva kwa kila mita 2 za mraba, kabla ya kupanda, hutosha kuanzia. Urea ikitumiwa, isipite kijiko kimoja cha chai kwa mita moja ya mraba baada ya kukata, na ifunikwe kwa udongo, isiachwe juani. Jivu la jikoni lina potashi na hupunguza uchachu wa udongo wetu mwekundu wa milima ya Usambara, lakini halina naitrojeni. Wala lisichanganywe na urea au samadi mbichi, kwa maana naitrojeni itaruka hewani, nanyi mtabaki kusikia harufu yake tu.

Wasio na fedha ya mbolea ya dukani wanayo alizeti pori, ile yenye maua ya manjano kandokando ya barabara. Uchunguzi uliofanywa magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba majani yake makavu yana naitrojeni kiasi cha asilimia 3.5 na potashi kiasi cha asilimia 4, ingawa fosforasi yake ni haba. Yakatekate, yaloweke katika pipa kwa wiki mbili huku ukiyakoroga, kisha changanya sehemu moja ya maji yale na sehemu tatu za maji safi. Yananuka vibaya, hatuwafichi. Majirani waombwe radhi mapema.

Neno moja zito juu ya samadi mbichi. Giligilani na nanaa huliwa bila kupikwa, na vijidudu vya samadi huleta maradhi ya tumbo. Sheria za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 zipite tangu samadi mbichi itiwe udongoni hata kuvuna zao linalogusa udongo. Giligilani haikai shambani muda huo. Kwa hiyo samadi iozeshwe kwanza iwe mboji, na maji ya mbolea yoyote yamwagwe penye shina, kamwe yasimwagwe juu ya majani. Mzigo ukimgonjwesha mlaji mmoja, hautarudi mzigo ule peke yake.

Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi mawili. La kwanza, mkopo wa mbolea usitolewe tena kwa kichwa cha mwanachama, bali kwa aina ya mmea na kwa tuta au debe, baada ya Bwana Shamba kuona. Yako malalamiko kwamba kufanya hivyo ni upendeleo. Faida na igawanywe kwa sheria ya chama, hilo hatuligusi, ila mbolea ni chakula na kila kinywa kina kiasi chake. La pili, deni la urea la mwaka wa sita lililobaki kwa wenye rozimari lifutwe. Walifuata shauri letu, na mimea yao ikafa kwa shauri hilo.

Vijiko vya kupimia viko ghalani. Kila mwenye kadi ya viungo achukue kimoja kabla hajaondoka leo, na karani ataandika jina lake.