Bibi Salme na Kalamu Yake
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Mpendae)



Wako kati yetu walioitazama sinema ya Kijapani ya mwaka 1952, iliyotengenezwa na Kenji Mizoguchi, khabari za Oharu, bibi wa jumba la mfalme mjini Kyoto, aliyependana na mtu wa daraja ya chini. Mwanamume alikatwa kichwa. Oharu na wazee wake wakafukuzwa mjini. Nimeulizwa kama sisi tunayo khabari ya namna hiyo. Tunayo, na mahali pake si mbali na hapa.

Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Siku zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumwondoa ndugu yao Seyyid Majid katika ufalme, Salme ndiye aliyekuwa karani wake.

Baadaye alipendana na jirani yake mjini, Rudolph Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Binti wa Sultani kuolewa na Mkristo, sharia haikuruhusu, wala ukoo haukustahimili. Alipokuwa mja mzito, mwezi wa Agosti 1866, aliondoka kwa siri katika manowari ya Kiingereza, Highflyer, akashukia Aden. Huko alibatizwa tarehe 30 Mei 1867, akaitwa Emily, na siku ile ile akaolewa. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu. Mwaka 1885 Wajerumani walimleta Unguja pamoja na manowari zao, kwa faida ya siasa yao. Seyyid Barghash, yule yule aliyemfanyia ukarani zamani, hakumpokea, wala urithi hakuupata.

Waungwana, sikusimama hapa kumtetea wala kumhukumu. Lakini Oharu ametungwa na waandishi wanaume; Salme alijiandika mwenyewe, na kitabu chake kikatoka mwaka 1886. Alifariki Jena mwaka 1924. Jumba la Mtoni limekuwa magofu, na mengi tunayoyajua ya maisha ya ndani yake tumeyapata kwa mkono uliokatazwa kalamu.

Basi sisi makarani, kabla ya kufunga jalada la mtu, na tutazame kama neno lake mwenyewe limo ndani.