Mafuta ya Kujipaka Si Chakula

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho hakikosekani nyumbani: kile kikopo cha mafuta mazito ya kujipaka, ambayo wengi wetu huyaita vaselini hata kama kifuniko kina jina jingine.

Kwa jua letu hili na vumbi hili, mafuta hayo ni rafiki wa ngozi. Lakini je, yanaliwa? Tuseme una mtoto wa miezi minane. Choo chake kimekuwa kigumu kwa siku tatu, au anakohoa usiku kucha. Jirani anakuambia, "Mpe kijiko cha vaselini, italainisha." Au tuseme unaoka mikate ya kuuza sokoni, mafuta ya kupikia yamepanda bei, nawe unafikiria kupaka vyombo vya kuokea kwa mafuta ya kikopo. Ufanye nini?

Kwanza tujue mafuta haya yanatoka wapi. Hayatoki kwa mbuzi wala kwa mbegu za alizeti. Yanatoka ardhini, kwenye mafuta ghafi, yale yale yanayotupatia petroli na mafuta ya taa. Sisi wa Turkana tunayajua. Mwezi wa Machi mwaka 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar. Mafuta ya kwetu yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana hubidi yasafirishwe yakiwa yamepashwa moto. Mafuta ya kujipaka ni jamaa ya nta hiyo, ila yamesafishwa mara nyingi mpaka yakawa meupe na yasiyo na harufu.

Aliyeyatengeneza kwanza kwa kuuza ni Robert Chesebrough. Mwaka 1859 alikwenda kwenye visima vya mafuta vya Pennsylvania, Marekani, akaona wafanyakazi wakijipaka nta ya mitambo kwenye vidonda. Mwaka 1872 alipata hataza ya Vaseline. Inasemekana alikuwa akila kijiko kimoja kila siku, na alifariki mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 96. Wapo wanaotumia habari hiyo kama ushahidi kwamba mafuta haya ni dawa ya maisha marefu. Lakini mzee mmoja kuishi miaka mingi hakuthibitishi kitu. Wapo wazee wengi waliovuta tumbaku hadi uzeeni, na bado tumbaku inaua.

Ni kweli pia kwamba viwanda vingine vya chakula hutumia mafuta haya. Sheria ya Marekani inaruhusu aina iliyosafishwa kwa kiwango maalumu itumike ili mkate usigande kwenye chombo. Lakini kipimo chake kisizidi asilimia 0.15, yaani gramu moja na nusu kwa kila kilo ya mkate. Katika matunda na mboga zilizokaushwa ni kidogo zaidi, asilimia 0.02. Elewa hapo, msikilizaji. Hayawekwi ili yamlishe mtu. Yanawekwa ili kazi ya kiwandani iende vizuri, nayo yanapimwa kwa mizani. Kikopo chako hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, na mara nyingi kimetiwa manukato na rangi.

Sasa, kwa nini mafuta haya si chakula? Sababu ya kwanza: mwili hauwezi kuyasaga. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia humpa mtu takriban kalori 120 za nguvu. Kijiko cha vaselini hakimpi kitu. Kinateleza tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Mtoto aliyekonda ukimlisha mafuta haya ili anenepe, unamjaza tumbo bila kumlisha.

Sababu ya pili: yakitumiwa mara kwa mara huweza kuondoka na vitamini A, D, E na K, ambazo huyeyuka katika mafuta. Ninyi mlioko Kakuma mnajua kwamba mafuta ya kupikia ya rashoni hutiwa vitamini A, ili macho ya mtoto yaone na mwili wake upambane na maradhi. Itakuwa hasara kubwa kumpa vitamini kwa mkono mmoja na kuiondoa kwa mkono mwingine.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa zaidi: mapafu. Maji yakipita njia ya hewa mtu hupaliwa, akakohoa, yakatoka. Mafuta haya ni mororo mno, yanaweza kuteleza hadi mapafuni bila mtoto kukohoa hata kidogo. Yakifika huko hayatoki kwa urahisi, nayo husababisha nimonia ya mafuta. Tangu mwaka 1925, daktari G. F. Laughlen wa Toronto, Kanada, alieleza ugonjwa huu kwa watu waliokuwa wametiwa mafuta puani au kuyanywa ili kulainisha choo. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, na mgonjwa anayelishwa akiwa amelala chali. Kwa hiyo usimpe mtoto mafuta haya mdomoni, wala usimjazie puani. Ngozi ya pua ikipasuka kwa upepo, mpake kidogo tu kwa nje.

Sababu ya nne ni usafi. Mafuta ya mitambo huonekana kama mafuta mengine, lakini jicho halipimi sumu. Mwaka 1959, katika mji wa Meknes nchini Moroko, wafanyabiashara walichanganya mafuta ya kupikia na mafuta ya mitambo ya ndege. Watu wapatao 10,000 walipooza. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 2014 vyombo vya habari viliripoti kwamba wezi walikuwa wakifyonza mafuta ya transfoma za umeme na kuyauza kwa wakaangaji wa vibanzi, kwa kuwa hayaishi upesi kwenye karai. Ukiuziwa mafuta ya kupikia kwa bei ya ajabu, bila lebo wala nembo ya ubora ya KEBS, jiulize yametoka wapi.

Basi ufanye nini?

Mtoto akilamba vaselini kidogo, usiogope. Kidogo hicho kwa kawaida si sumu, labda ataharisha. Mpanguse mdomo na vidole. Usimtapishe, kwa maana kutapika ndiko kunakoweza kupeleka mafuta mapafuni. Lakini akianza kukohoa, au kupumua kwa shida, mpeleke hospitalini mara moja, na uchukue kikopo kile ukakionyeshe.

Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, hiyo ni dalili ya nimonia. Usingoje asubuhi.

Mtoto aliye chini ya miezi sita mpe maziwa ya mama pekee. Aliyezidi hapo, choo kikiwa kigumu, mpe maji safi, matunda na maharagwe yaliyopondwa. Akiwa amekonda, mwone mhudumu wa afya ya jamii ampime mkono. Akihitaji, atapewa ile pakiti ya karanga yenye virutubisho. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500.

Nawe mwokaji, paka vyombo vyako kwa mafuta ya kupikia, kidogo tu, au nyunyiza unga.

Vaselini ibaki na kazi yake: midomo iliyokauka, visigino vilivyopasuka, mapaja ya mtoto yanayochubuliwa na nepi. Usipake mahali palipoungua sasa hivi. Hapo tumia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Wala usiipake kwenye kondomu ya mpira, maana itapasuka.

Msikilizaji, kikopo kile ni cha ngozi. Kiweke juu, mbali na jiko na mbali na mkono wa mtoto, na mafuta ya kupikia yabaki jikoni.