Kazi za Wanafunzi Zisaidiazo Vijiji Vyao

(Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya machifu na waalimu)

Tumetakiwa tuseme nanyi juu ya vyombo wanavyovibuni wanafunzi, na jinsi vyombo hivyo viwezavyo kuwafaa watu wa vijiji walikozaliwa. Sisi ni watu wa kalamu na majalada, wala hatujidai ufundi. Lakini karani ndiye asomaye barua za malalamiko kabla ya mkubwa wake, na kwa hiyo twazijua shida za vijiji: maji ya mbali, giza, kuni zilizoadimika, wanyama waharibifu, mahindi yaliyoliwa na dumuzi kabla ya kufika sokoni. Shida hizi ndizo tunazotaka zikutane na akili za watoto wetu.

Jambo lenyewe si geni. Katika Kenya wanafunzi wa sekondari hushindana kila mwaka katika maonyesho ya sayansi na uhandisi, wakianzia karibu na kwao mpaka kufika ngazi ya taifa. Tanzania nako, tangu shirika la Young Scientists Tanzania lilipoanzishwa mwaka 2011, wanafunzi wa mikoani wamepeleka kazi zao Dar es Salaam kuonyeshwa. Twafurahi kwa hayo. Ila yafaa tuulize swali moja lisilopendeza: baada ya maonyesho, chombo huenda wapi? Mara nyingi mtoto hupewa cheti na kupigiwa makofi, na chombo hurudi shuleni kikawekwa juu ya kabati la maabara. Panya hutafuna nyaya. Mwaka wa pili mtoto amemaliza masomo, na mwalimu wake amehamishwa. Chombo kimekuwa yatima, na yule mama aliyekuwa akiteka maji mtoni angali akiteka mtoni.

Basi swali letu la leo si kama watoto wetu wana akili. Akili wanazo. Swali ni nani atakayeipokea kazi yao.

Twataka tuwape habari za kijana mmoja wa Malawi, kwa kuwa habari zake zafundisha kuliko hotuba. Jina lake William Kamkwamba. Alizaliwa mwaka 1987, akakulia kijiji cha Masitala katika wilaya ya Kasungu, na baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 2001 na 2002 nchi ile ilipatwa na njaa kali. Nyumbani kwao walikula mlo mmoja kwa siku, na watu walikufa. Ada ya shule yake ya sekondari ilikuwa kiasi cha dola 80 za Kimarekani kwa mwaka. Baba hakuwa nazo, na mtoto akarudi nyumbani hali ya kuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza la sekondari.

Ninyi waalimu mwajua ya kuwa hapo ndipo wengi huishia. Kijana huyu alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, yenye vitabu vilivyoletwa kwa msaada kutoka Marekani. Humo alikuta kitabu cha sayansi chenye picha ya vinu vya upepo, na maelezo ya kuwa vinu hivyo vyaweza kutoa umeme na kuvuta maji. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Basi alitazama michoro kwanza, kisha akajifunza maneno yaliyouzunguka mchoro, moja baada ya moja. Alijisemea ya kuwa kama pana mtu mahali fulani aliyekijenga kinu kile, naye aweza.

Vifaa alivitoa wapi? Mkabala wa shule iliyomrudisha palikuwa na jalala la vyuma vikuukuu, magari na matrekta yaliyokufa. Akaokota feni ya trekta, shokamzoba, na mabomba ya plastiki, ambayo aliyapasua na kuyalainisha juu ya moto hata yakawa mapana kama mabawa. Akatwaa fremu ya baiskeli iliyovunjika. Kekee hakuwa nayo. Alichoma msumari motoni, akautia mpini wa gunzi la mahindi, akatoboa kwa huo. Vizibo vya chupa alivifanya washa za kukazia boliti. Mnara aliusimamisha kwa miti ya mikaratusi. Kilichokosekana ni dinamo ya baiskeli, na hapa machifu twawaomba msikilize vema: aliyetoa fedha mfukoni kuinunua dinamo ile kwa mpita njia alikuwa rafiki yake, mwana wa chifu wa Wimbe.

Watu walimcheka. Walisema ana wazimu. Wengine walisema avuta bangi. Siku alipopanda mnarani mbele ya umati, akaufungua ule mkatale wa waya uliokizuia kinu kuzunguka, upepo ukavuma, na taa ndogo mkononi mwake ikawaka. Kinu kile cha kwanza kilitoa wati 12 tu. Msizidharau. Mtu aliyewahi kusoma kwa kibatari, moshi ukimwingia puani na mafuta yakiisha katikati ya ukurasa, anajua thamani ya wati 12. Baadaye zikawaka taa nne nyumbani kwao, na majirani wakapanga mstari kuja kujaza nguvu simu zao.

Lakini habari haikwisha kwa taa kuwaka, na sehemu inayofuata ndiyo tunayoipenda zaidi. Nyumba ilikuwa ya nyasi. Kijana aliona ya kuwa nyaya zikigusana, paa litashika moto na watu wataungua wamelala. Akaunda chombo cha kukata umeme kwa sumaku, misumari na waya, kilichojifunga chenyewe nguvu zilipopita kiasi. Swichi alizitengeneza kwa mpira wa kandambili na vipande vya plastiki. Huku ndiko kubuni hasa: si kuwasha taa tu, bali kufikiri juu ya watu walalao chini yake. Twasema haya kwa kuwa tumeona vijana wengi wakiunga nyaya kwa gundi na imani. Mwalimu asikubali kazi ya umeme itoke darasani kabla ya kuuliza, je, ikiharibika itamdhuru nani?

Tena mvua ilipokosekana, wapo waliosema kinu ndicho kifukuzacho mawingu. Neno kama hilo laweza kuvunja mnara usiku mmoja. Ninyi wenye baraza ndio wa kulizima, wala mwanafunzi hana sauti ya kushindana na wazee wenye njaa.

Mwaka 2006 wakaguzi wa vitabu vya maktaba walisikia habari zake, gazeti likaandika, na mwaka 2007 akaitwa Arusha kwenye mkutano mkubwa wa wabunifu, akasimama kwa haya akasema kwa maneno machache ya kuwa alijaribu, akafanya. Baada ya hapo wafadhili walijitokeza. Alirudi shuleni, na mwaka 2014 akahitimu chuo cha Dartmouth huko Marekani. Kijijini kwao kikachimbwa kisima chenye pampu ya nguvu za jua, shamba la baba likapata kumwagiliwa na kupandwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Shule ya Wimbe, ile iliyokuwa na maktaba, nayo ilipata majengo bora. Maktaba ilimlipa mtoto, na mtoto akailipa maktaba.

Wapo watakaosema, huyo ni mmoja katika elfu. Basi tutazame karibu zaidi. Kusini mwa mbuga ya wanyama ya Nairobi simba hutoka usiku na kuingia katika maboma ya Wamasai. Richard Turere alikuwa mtoto aliyekabidhiwa ng'ombe wa baba yake. Kwanza aliwasha moto, akaona ya kuwa moto wawaonyesha simba njia. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba walidanganyika, siku ya pili wakaja wakaiona haisogei, wakaua. Usiku mmoja alipozunguka boma na tochi, simba hawakuja. Akafahamu ya kuwa waogopa mwanga utembeao. Basi alipokuwa na umri wa miaka 11 alichukua betri kuukuu ya gari, bamba la sola, indiketa ya pikipiki na taa za tochi zilizoharibika, akazifunga kuzunguka boma zikiwaka na kuzima zamu kwa zamu, hata simba akadhani mtu apita. Bikizee jirani aliyekuwa akipoteza mifugo akamwomba amfungie naye, na baada yake nyumba nyingine zikafuata. Mtoto huyo alikuwa amekwisha kumkosea mama yake kwa kuifungua redio mpya na kuitawanya vipande vipande. Twamsifu mama yule kwa subira.

Angalieni wale wawili. Shida ilikuwa yao wenyewe, si iliyosomwa kitabuni. Vifaa vilipatikana kwa miguu. Tena chombo kikiharibika, fundi baiskeli wa njia panda aweza kukifungua na kukifunga.

Kinyume cha hayo pia tunacho, nacho hakikutoka kwa watoto ingawa kiliwatumia watoto. Palikuwa na pampu iitwayo PlayPump, bembea ya kuzunguka iliyojengwa penye shule: watoto wacheze, na mchezo wao uvute maji mpaka tangi la juu. Wazo lapendeza machoni. Mwaka 2006 wakubwa wa Marekani waliahidi mamilioni ya dola, na pampu zikapelekwa Msumbiji, Malawi na nchi nyingine za kusini. Moja iligharimu kiasi cha dola 14,000, bei iwezayo kulipa pampu kadhaa za mkono. Watoto walipokuwa darasani au wamechoka, mama na bibi zao ndio waliosukuma bembea kwa mikono, kwa aibu na maumivu ya mgongo. Ilipovunjika, fundi wa kijiji hakuweza kuigusa, watu wakangoja miezi. Kufikia mwaka 2010 shirika la Marekani lililokuwa likizisambaza liliachana na kazi hiyo. Fedha zilikuwapo, na nia njema ilikuwapo. Hakuna aliyewauliza wanawake wenye ndoo.

Sasa waalimu, twawageukia. Mwaka 2019 huko Dubai mwalimu Peter Tabichi wa shule ya Keriko, shule ya kutwa ya kijijini katika kaunti ya Nakuru, alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti dhaifu. Wanafunzi wake walibuni chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na wengine wakatafuta umeme katika mimea iotayo jirani. Alichofanya mwalimu huyo ni kukuza chama cha sayansi, kukaa na wanafunzi baada ya masomo na siku za mapumziko, na kuwatembelea watoto majumbani. Mwalimu ambaye hajaingia katika jiko la mzazi hawezi kumwambia mtoto alete kazi ya kupunguza moshi wa jiko lile.

Twaomba mambo machache, nayo hayahitaji bajeti. Mwalimu awatume wanafunzi kwanza kijijini, kila mmoja aandike shida moja aliyoiona kwa macho na jina la mtu aliyeizungumza. Kazi ikianza, mtu yule aitwe aitazame, aikosoe, hata kama hajui kusoma. Fundi baiskeli na fundi redio wa sokoni waalikwe darasani, walipwe chai. Chombo kikifaulu, kisirudi kabatini: kiandikwe katika daftari, kiwekwe mikononi mwa kikundi chenye mwenyekiti na mtunza fedha, na wanafunzi wawili wa darasa la chini wafundishwe kukitengeneza kabla mwenzao hajaondoka. Kisipofaulu, kiandikwe vilevile, ili mtoto wa mwaka ujao asianze gizani.

Na wale waliorudishwa nyumbani kwa ada, msiwafungie mlango wa vitabu. Ipo shule tunayoijua, wala hatutaitaja, ambayo vitabu vyake vya msaada vimekaa ndani ya masanduku yaliyofungwa, kwa hofu ya kuwa vitachafuka. Ufunguo anao mwalimu mkuu. Tungependa siku ya Jumamosi ufunguo ule utoke, na mtoto asiyevaa sare aruhusiwe kuketi na kusoma.

Nanyi machifu, mtakapoitisha baraza lijalo, mpeni mwanafunzi mmoja nafasi ya kuonyesha chombo chake. Mmpe mwanzoni, kabla ya kesi za mipaka ya mashamba, maana baada ya kesi hizo hakuna mtu anayesikiliza tena.