Ngoma ya Beni na Vijana wa Kariakoo

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Natumaini taa imewashwa, madaftari yako mezani, na wale wa nyuma wananisikia. Kama redio inakwaruza, mwalimu aisogeze karibu na dirisha.

Ubaoni mmeandikiwa maneno manne: mpagazi, tarumbeta, mhanga, kafara. Yasomeni pamoja kwa sauti, kisha myaandike kila mtu kwa mkono wake. Nitangoja kidogo.

Haya. Maneno mawili ya kwanza ni mepesi. Mpagazi ni mtu achukuaye mizigo ya watu kwa safari. Tarumbeta mnaijua, mmeisikia arusini. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mtu akitoa nafsi yake kwa hiari kwa ajili ya wenzake, twasema amejitoa mhanga. Lakini kafara ni jambo jingine. Kafara ni mbuzi au kuku atolewaye ili balaa impite mtu mwingine. Huyo mbuzi hakuulizwa. Yashikeni maneno haya mawili, mtayahitaji kabla somo halijaisha.

Leo nawaeleza habari za vijana wa nchi zetu katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu mwaka 1914 hata 1918, na habari za nyimbo na ngoma walizokuwa nazo. Pengine mmoja wenu atasema: vita na ngoma vinahusiana nini? Vinahusiana sana.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Kabla ya vita hiyo, miaka mingi, misafara ilikuwa ikitoka Tabora na Ujiji kuja Bagamoyo na kurudi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mbele ya msafara alitangulia kiongozi wao, kirangozi, mwenye bendera. Ngoma ilipigwa, pembe ikapulizwa, na wapagazi wakaimba njia nzima. Wimbo ulikuwa na kazi yake. Uliweka hatua za watu wote pamoja, na mzigo uchukuliwao kwa hatua moja huwa mwepesi kuliko uchukuliwao ovyo. Tena wimbo ulimsema mkubwa wa msafara kama alikuwa mchoyo wa posho. Kwa Wanyamwezi, kijana aliyefika pwani akaiona bahari alirudi nyumbani akihesabiwa mtu mzima. Basi safari, mzigo na wimbo vilikuwa chuo chake cha utu uzima. Mshahara walipatana kabla ya kuondoka. Akionewa sana, aliweza kutua mzigo na kwenda zake.

Mwaka 1914, mwezi wa Agosti, vita ikaingia. Upande mmoja Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, wenye Tanganyika. Upande wa pili Waingereza wenye Kenya na Uganda, na pamoja nao Wabelgiji wa Kongo. Baadaye na Wareno wa Msumbiji. Ugomvi wenyewe ulianza Ulaya. Lakini walioupigana huku, wengi wao, walikuwa vijana weusi wa pande zote mbili, na Kiswahili kilisikika pande zote mbili.

Katika vita ile farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, barabara za motokaa zilikuwa chache, na mvua ilizigeuza tope. Kwa hiyo risasi, unga, dawa na mahema, vyote vilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliotumika hukadiriwa kuwa milioni moja. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi zetu zikakitamka Kariakoo. Ninyi mnaokwenda kununua mchicha na vitunguu Kariakoo, Dar es Salaam, jueni ya kuwa mnakanyaga mahali palipokuwa kambi ya wapagazi hao, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Nairobi nako kuna Kariokor. Ni neno lile lile.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari. Kijana wa miaka kumi na saba alipoisikia tarumbeta ya askari na kuwaona wakienda gwaride, mguu mmoja, vifungo vinang'aa, moyo wake ulitoka nje ya kibanda cha baba yake kabla ya miguu kutoka. Simlaumu. Alijua hadithi za misafara, akadhani hii nayo ni njia ya kuwa mtu mzima.

Lakini haukuwa msafara. Hapakuwa na mapatano, wala ruhusa ya kutua mzigo na kuondoka. Na hiari ilipokwisha ikaja lazima. Mwaka 1917, katika nchi iitwayo sasa Kenya, Bwana John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya wapagazi, na kwa muda wa miezi michache walikusanywa zaidi ya 100,000. Machifu waliambiwa watoe idadi fulani ya watu, nao walitoa. Chifu hakumtoa mwanawe kama angeweza kumtoa mtoto wa mjane.

Je, hapo tutumie neno lipi kati ya yale mawili ya ubaoni? Semezaneni kidogo na jirani yako, halafu endeleeni kunisikiliza.

Waliokufa hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au uwele alipewa unga wa mahindi, hana nafasi ya kuupika ukaiva, akala hivyo hivyo, tumbo likaharibika. Hesabu ya waliokufa upande wa Waingereza hutajwa kuwa 95,000 au zaidi. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, lakini hawakuandika vitabu vya kutuwezesha kuwahesabu.

Sasa nirudi kwenye ngoma, maana huko ndiko nilikotaka kuwapeleka.

Hata kabla ya vita, vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wamezua ngoma mpya. Waliona bendi za manowari na za askari, wakazipenda. Basi wakafanya yao, na kutokana na neno bendi wakaiita beni. Walivaa kofia na suti nyeupe, wakashika fimbo kama panga za maofisa, wakapiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakaenda gwaride mitaani. Walikuwa na Mfalme wao, na Jenerali, na vyeo vingine chini yake. Mombasa vikundi vya Kingi na Scotchi vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kusimangana. Tanganyika vikundi vilivyosifika vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana zaidi. Arinoti wengi wao walikuwa watu waliotoka bara kuja kutafuta kazi.

Vita ndiyo iliyoitawanya beni nchi nzima. Askari na wapagazi waliicheza makambini. Walipoachiliwa mwaka 1918 na 1919, kila mmoja alikwenda nayo kwao, hata kandokando ya Ziwa Nyasa. Huko tarumbeta za shaba zilikuwa adimu, wakatengeneza za vibuyu. Ngoma zilizotokana na hayo, ziitwazo mganda na malipenga, zimechezwa mpaka siku hizi.

Watu wengine waliicheka beni. Walisema, tazama watu hawa, juzi walikuwa wanatiwa viboko na maofisa, leo wanajivika uofisa. Mimi naona waliocheka hawakuangalia vizuri. Jeshini mpagazi alikuwa namba iliyoandikwa juu ya kibati shingoni. Kwenye beni alikuwa Kapteni, mwenye jina na kofia, akitoa amri na kutiiwa. Gwaride lilikuwa lile lile, ila sasa lilikuwa mali yake. Tena beni haikuwa mchezo mtupu. Wanachama walichanga fedha. Mgeni wa mji akiugua alitazamwa, na akifa alipata sanda na watu wa kumzika. Mfikirieni kijana aliyewaona wenzake wakiachwa kando ya njia huko Rufiji bila hata kufukiwa. Kwake yeye chama kitakachomzika kilikuwa jambo kubwa kuliko tarumbeta.

Wakubwa wa serikali waliingiwa na hofu. Baada ya vita waliagiza habari za beni zikusanywe, wasije watu wakawa wanapanga fitina. Wakaona mwisho kuwa si fitina. Baadhi ya wamisionari hawakuipenda, na baadhi ya wazee walilalamika kwamba vijana wanamaliza fedha kwa kofia. Malalamiko ya wazee juu ya kofia za vijana ni ya zamani sana, nadhani yalianza pamoja na kofia.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa mpagazi katika vita ile. Hakupenda kuulizwa habari zake. Ukimwuliza, alikutuma maji. Lakini siku moja palikuwa na arusi, tarumbeta ikalia, na yule mzee aliyekuwa hatembei ila kwa mkongojo akasimama, akaunyosha mgongo, akaenda hatua kumi au kumi na mbili, kushoto, kulia, mpaka kwenye mwembe. Hapo akasimama akilia. Watoto tulicheka. Bibi yangu alitupiga kila mmoja kofi moja, wala hakueleza sababu. Nimeijua baadaye.

Maana wimbo wa vita una pande mbili, ndugu zangu. Unampa kijana nguvu ya kuchukua asichoweza kukichukua. Lakini pia unamfanya yule aliyetolewa kafara ajione amejitoa mhanga. Uko wimbo wa askari wa KAR, uitwao Funga Safari, uliojulikana sana hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mle ndani huulizwa amri imetoka kwa nani, na jibu linamtaja mkubwa. Ni wimbo mtamu, miguu hujiendea yenyewe. Hata hivyo nausifu kwa jambo moja: hausemi kwamba kijana alijituma. Unasema wazi kwamba alitumwa.

Katika vita hiyo ya pili vijana wetu walifika mbali zaidi, mpaka Burma, mwaka 1944, wakipita matopeni wakati wa mvua kubwa za huko. Safari hii walirudi na gitaa. Fundi Konde, mwimbaji wa pwani ya Kenya ambaye wengi wenu mmezisikia nyimbo zake, alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliowatumbuiza askari katika miaka ile. Habari za gitaa na dansi nitazisimulia siku nyingine.

Sanamu za kuwakumbuka watu wa vita ya kwanza ziko Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ile ya Dar es Salaam, ya askari mwenye bunduki, iliwekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini majina yao hayapo. Miaka mingi ilipita, ndipo mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikatoa taarifa na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita ile hawakuandikwa majina yao mahali popote pa ukumbusho, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa watu hao ni wa Afrika Mashariki na Misri.

Sasa kazi ya juma hili. Ulizeni nyumbani, kwa mama wakubwa na kwa mashangazi hasa, maana wao hukumbuka kuliko wanaume. Je, katika ukoo wenu alikuwapo mtu aliyekwenda Kariakoo? Alirudi au hakurudi? Je, kwenu palichezwa beni, au mganda, au ngoma yoyote ya gwaride, na vyeo vyake viliitwaje? Mkipata jina, liandikeni kwenye daftari kwa herufi kubwa mwanzoni, kama tulivyojifunza somo lililopita: jina lake, jina la baba yake, na kijiji. Asiyeweza kuandika bado alitaje, jirani yake amwandikie, kisha yeye alinakili kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu atayasoma majina yote mbele ya darasa siku ya Alhamisi.