Viti vya bwerere? Tupige hesabu ya wadi 20 za Taita Taveta

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana hapa Voi. Wengi mmeomba niyaweke, kwa hivyo nimeyakata vipande. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama.

1. Kuna hoja moja ninayoisikia kila mahali, vijiweni kwa bodaboda mpaka kwenye makundi ya WhatsApp: "Hawa kina mama wa kuteuliwa kwenye bunge la kaunti ni mzigo. Viti vya bwerere hivyo, viondolewe." Mimi nasoma sayansi ya siasa, lakini leo sikuja na nadharia. Tupige hesabu tu.

2. Tuanze na sheria. Katiba ya 2010, Ibara ya 197, inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti. Ibara ya 177 inaeleza dawa yake: tukishapiga kura, ikionekana jinsia moja imezidi, viti maalum vinaongezwa mpaka hesabu ikae sawa. Vyama vinagawana viti hivyo kulingana na viti vya wadi ambavyo kila kimoja kimeshinda kwenye kaunti. Majina yanatoka kwenye orodha ambayo chama kilipeleka kwa IEBC kabla ya uchaguzi.

3. Sasa tuje nyumbani. Kaunti yetu ina wadi 20: Voi 6, Mwatate 5, Taveta 5, Wundanyi 4. Weka kando viti vya makundi yaliyotengwa, maana vina hesabu yake. Tuseme tumechagua wanaume 20, mwanamke hata mmoja hakuna. Ili wanaume wasizidi theluthi mbili, bunge lazima liwe na watu 30. Yaani tunaongeza wanawake 10.

4. Tukichagua wanawake 2, tunaongeza 7. Tukichagua 4, tunaongeza 4. Wakifika 6, anaongezwa 1 peke yake. Je, tukichagua 7? Wanaume wanabaki 13 kati ya 20, ambayo ni asilimia 65. Hawajazidi. Viti vya kuongeza ni sifuri.

5. Umeona? Idadi ya viti vya kuteuliwa haipangwi Wundanyi bungeni. Tunaipanga sisi, kwenye sanduku la kura. Ukilalamika kwamba kodi yako inalipa wajumbe wengi wa kuteuliwa, jiulize kwanza karatasi yako ya MCA uliweka alama wapi.

6. Na si sisi peke yetu. Kenya nzima ina wadi 1,450. Wanawake waliochaguliwa MCA mwaka 2013 walikuwa 82, mwaka 2017 wakawa 96, mwaka 2022 wakawa 115. Inapanda, ndiyo, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Magavana wanawake hawakuwako 2013. Wakawa 3 mwaka 2017, na 7 kati ya 47 mwaka 2022.

7. Kuna wanaosema, "Si mna kiti chenu cha mwakilishi wa wanawake? Gombeeni hicho, hivi vingine mtuachie." Hapana. Yule anakaa Bunge la Taifa, Nairobi. Bajeti ya kaunti, zahanati, chekechea na maji ya wadi vinajadiliwa Wundanyi, na yeye hana kura kule. Na kila kiti kingine kwenye karatasi ya kura kiko wazi kwa mwanamke.

8. Sasa niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mjumbe wa kuteuliwa hana wadi. Aliyemweka pale ni chama, na chama kikikasirika anajua jina lake litakuwa wapi kwenye orodha ijayo. Lakini mwanamke aliyechaguliwa na watu wa Kasigau au Marungu, akisimama kudai maji, ana watu nyuma yake. Mkubwa wa chama atafikiria mara mbili kabla ya kumnyamazisha. Ndiyo maana mimi nasema 7 wa kuchaguliwa wana nguvu kuliko 7 wa kuteuliwa. Ila ukiondoa hivi vya kuteuliwa leo, kabla ya wale wengine kufika, utabaki na bunge la wanaume watupu likipanga wodi ya kujifungulia ijengwe wapi.

9. Kinachowazuia ni nini? Ada ya IEBC si tatizo kubwa, maana mwanamke analipa nusu. Shida ni kura ya mchujo ya chama, vikao vya usiku, vijana wanaodai "kitu kidogo" kabla ya kusikiliza sera, na matusi ya mtandaoni yanayoanza na ndoa yake. Hayo mawili ya mwisho, tusidanganyane, ni sisi vijana tunaoyafanya.

10. Basi tufanye nini kabla ya Agosti 2027? Moja, kajiandikishe kura kwenye wadi unayoishi. Mbili, nendeni vikao vya maoni ya bajeti. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na makadirio ya bajeti lazima yafike bungeni kabla ya mwisho wa Aprili. Mwangalieni mama anayeuliza maswali magumu pale. Tatu, mwambieni agombee wadi, kisha mumsindikize kwenye mchujo, maana wengi huangukia hapo.

11. Tunatafuta wadi 7 kati ya 20. Yako inaweza kuwa mojawapo? Niambie kwenye maoni, na utaje wadi, usitaje mtu.